Farasi wa Mbao wa Baba Mdogo

Baba yangu mdogo hushona mikanda na mikoba ya ngozi. Miaka nenda miaka rudi aliibana ngozi kwa magoti ili mikono yote miwili ibaki na sindano, na suruali zake zikawa zinatoboka hapohapo magotini. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, akachoka.

"Kiraka hiki ndicho cha mwisho," alimwambia. "Ikitoboka tena, utatoka hivyohivyo watu wakuone."

Basi baba mdogo akajitengenezea farasi wa mbao: benchi la kukalia, na mbele yake mbao mbili zilizosimama kama taya, ukikanyaga kibao cha chini zinaiuma ngozi. Nilimwambia azipige randa kwanza, maana zilijaa vibanzi. Thubutu! Mtu mwenyewe hashauriki.

Akapanda na suruali mpya, akashona mkanda mzima huku anapiga mluzi. Alipoinuka, magoti yote mawili yalikuwa nje. Kumbe muda wote alikuwa amezibana zile taya kwa magoti, kwa mazoea tu.

Mama mdogo aliangua kicheko. "Haya, farasi kashika mkanda. Na wewe je, nani kakutuma umshike farasi?"