Marahaba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipochukua fomu ya udiwani Rudewa, tulikozaliwa, washauri wake alikuja nao kutoka Mikumi, alikokuwa na gesti pembeni ya barabara kuu. Wanaume wazima wanne, wawili wana mvi, na kazi yao ilikuwa kunywa supu yake na kucheka kabla hajamaliza utani. Mgombea akikohoa tu, wanasema amegusia hoja nzito.

Siku moja mmoja wao, mtu mwenye wajukuu, akamwamkia, "Shikamoo, mheshimiwa." Mdogo wangu akacheka, akaitikia, "Marahaba." Kesho yake wote wanne wakawa wanamwamkia, naye hacheki tena.

Nikamwambia mbele yao, "Hawa wamekuzidi umri. Ukizoea kuitikia, siku moja mdomo utakuponza."

"Dada yetu ana wivu," akasema mmoja, huku anachokonoa meno.

Nikashushwa kwenye gari la kampeni wiki nzima. Nilirudishwa kwa sharti kwamba nikae kiti cha nyuma na niache nuksi. Nikakubali, maana nilipenda kuonekana ndani ya gari lile.

Na udiwani wenyewe aliuweza. Ni yeye aliyewahi kuwakalisha wakulima na wafugaji wakapatana njia ya ng'ombe kwenda mtoni bila fimbo kuinuliwa. Nilitaka ashinde, nilitaka sana.

Kwenye mkutano wa mwisho, bibi aliyemzalisha mama yetu alisogea na mkongojo wake mpaka meza kuu. Akasimama kimya, akisubiri aamkiwe, kama anavyosubiri mkubwa yeyote huku kwetu. Mdogo wangu alikuwa ameinamia karatasi zake. Alipohisi mtu amesimama mbele yake, hata kichwa hakuinua.

"Marahaba," akasema.

Akina mama wa mstari wa mbele wakatazamana. Bibi aligeuka, akaondoka polepole, na karibu nusu ya mkutano ikamfuata. Watu wa kwetu hawazomei. Wanakwenda zao nyumbani.

Tulipoingia garini wale wanne wakaanza. "Umewateka, mheshimiwa!" "Wale walioondoka wamewahi kupika." Kupika gani, saa nane mchana? Niliwadharau. Watu wazima na mvi zao, wanauza heshima kwa bakuli la supu, halafu wanajiita washauri.

Lakini mdogo wangu alikuwa ameona kitu. Akageuka nyuma, uso umemsawijika.

"Dada, kuna mahali nimekosea?"

Bibi alikuwa bado hajafika mbali, mgongo wake tuliuona kupitia kioo. Angeshuka, angepiga goti, angeomba radhi mbele za watu, na yangekwisha palepale. Wale wanne wakanikodolea macho. Nilijua nikisema, nitarudi nyumbani kwa miguu.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Umepatia."