Yo-yo ya Mama

"Sukari ya mama yako ni yo-yo," nesi aliniambia katika zahanati moja hapa mjini Garissa. Alikuwa mtu wa bara, hakujua Kisomali, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyewasemea wote wawili. "Leo iko juu, kesho iko chini. Mweleze."

Yo-yo ningemwelezaje mwanamke aliyekulia nyuma ya ngamia huko Bura? Nikamwambia tu kwamba sukari yake inapanda na kushuka.

"Kila kitu kinapanda na kushuka," mama akajibu, akavuta ushungi wake akasimama.

Njiani nilinunua yo-yo nyekundu ya plastiki. Tulipofika nyumbani nilijifunga uzi kidoleni, nikaiachia. Ikashuka, ikarudi mkononi. Mara ya pili ilishuka ikabaki kule chini, ikazunguka polepole mpaka ikatulia.

"Mbona hairudi?" mama aliuliza.

"Ikishuka sana, hooyo, mama yangu, nguvu zinaisha. Hicho ndicho nesi anachoogopa."

"Na uzi ameshika nani?"

"Wewe. Ukila kwa wakati, ukidungwa sindano kwa wakati."

"Astaghfirullah. Uzi wangu hauko mkononi mwangu." Hata hivyo aliichukua akajaribu, ikamgonga gotini, akacheka.

Ramadhani ilipokaribia, nesi alimkataza kabisa kufunga. Nilimwomba imamu wa mtaa wetu aje nyumbani, naye akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Mama alimshukuru. Imamu alipoondoka, mama akanigeukia: "Nilifunga mwaka wa ukame, nikiteka maji kisimani kuwanywesha ngamia. Leo nimekaa kivulini, nile mchana kama mtoto?"

Nilibishana naye hadi akanyamaza, nikadhani amekubali. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwachia mikate ya anjera na maziwa, na nikirudi nilikuta sahani tupu. Kumbe mbuzi wa jirani ndio waliokuwa wakinenepa.

Alasiri moja nilirudi mapema, nikamkuta amelala kwenye mkeka, ushungi umelowa jasho, macho wazi. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama ngamia wameshakunywa. Nilikoroga sukari kwenye maji, nikampakata, nikapeleka kijiko kinywani. Akauma meno.

"Kunywa, hooyo."

"Nimefunga," alisema, meno yakiwa bado yamebanana.

Mimi mwanawe hakunitambua, lakini saumu yake aliikumbuka. Nilimshika taya kwa nguvu, huku nalia, nikamlazimisha. Kijiko kikampasua mdomo, damu na maji matamu vikamtiririka shingoni. Kidogo kilimpita kooni. Majirani wakaja na gari, tukamkimbiza hospitali.

Alizinduka, ingawa mkono wake wa kushoto ulibaki mzito, na baadhi ya maneno hayakumrudia tena. Swali lake la kwanza lilikuwa hili.

"Jua lilikuwa limezama?"

Kaka yangu, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, akawahi kujibu. "Lilizama, hooyo. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa."

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Kaka alinikodolea macho nikubali, nami nilitaka kukubali, ulimi ukakataa.

"Bado," nikasema.

Akageuza uso ukutani.

Hadi Idd hakupokea chakula kutoka mkononi mwangu. Mke wa kaka ndiye aliyemlisha. Nilikuwa namwandalia uji, namkabidhi wifi yangu mlangoni, kisha nasimama nje nikisikiliza kama anakula. Siku ya Idd nilimbusu mkono. Hakuuvuta.

Haukupita muda mrefu, alfajiri moja hakuamka. Tulimpeleka Bura akazikwe kwa watu wake. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama tofali. Sisi wanawake tulibaki mbali, kwenye kivuli cha gari, tukisikiliza majembe ya wanaume yakigonga, yakigonga, na kaburi halichimbiki.