Picha Iliyobaki Nje ya Dosye

Candide Ninahazwe alikuwa mwanamke wa kusema ukweli mpaka unaudhi. Ukimuuliza kama gauni limekukaa vizuri, atakwambia limekubana. Ndiyo maana hakuna aliyemshuku alipoanza kudanganya.

Alifanya kazi Kilibula, mjini Uvira, katika ofisi ndogo ya kuwakutanisha watoto na wazazi waliopotezana vitani. Mwaka ule wa 2019 watu waliteremka kutoka milimani, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Candide aliwapiga watoto picha na kuandika habari zao. Yote yalihifadhiwa katika dosye moja, yaani jalada la pamoja, ndani ya kompyuta ya mwenzake Pontien, aliyepokea wazazi chumba cha pili. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta, na kwa waya huo Candide aliingia dosyeni akiwa mezani pake. Kwa kuwa wakiandika wawili kwa wakati mmoja, mmoja humfutia mwenzake, waliwekeana desturi: kabla ya kuingia, gonga ukuta upige hodi. Wageni waliwacheka sana.

Kisha akaletwa Olive, wa miaka minne hivi, aliyeokotwa kwenye njia ya Rurambo, kule milimani. Vituo vilikuwa vimejaa, Candide akasema atamlaza kwake siku mbili tu. Jioni ile alimwogesha, akamsuka; kesho yake ndipo akampiga picha. Mjane wa miaka arobaini na sita, hakujaliwa mtoto, na sasa kuna kitu kidogo kinamshika kitenge jikoni! Alimpenda, basi.

Wiki hiyohiyo umeme ulikatika, na uliporudi muunganisho wa kompyuta zao, rezo kama walivyouita, ulikuwa umepotea. Kuurudisha ni kazi ya dakika moja: unafungua mtandao, unachagua kompyuta ya Pontien, unaandika jina lako na neno la siri. Candide hakufanya hivyo.

«Rezo inakataa,» alimwambia Pontien.

Picha za watoto wengine alimpelekea kwa kle, kile kidude cha kubebea faili kinachochomekwa kwenye kompyuta. Ya Olive aliiacha kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Wiki ya tatu, akasikia sauti ya mwanamke kupitia lile tundu, akisema «minye» badala ya mimi kama wenyeji wote.

«Anaitwa Olive. Minye ni mama yake, Louise. Iko na alama ya moto ku mukono wa kushoto.»

Alama hiyo Candide aliipaka mafuta kila asubuhi.

«Mama, nimeangalia mara tatu,» Pontien alijibu. «Haiko mu dosye.»

Candide alingoja yule mama apige kelele. Angepiga kelele, pengine ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini Louise aliomba radhi kwa kumchosha baba, akauliza njia ya ofisi nyingine.

Candide akafungua mtandao. Neno la siri alilikosea mara mbili. Mara ya tatu likakubali. Akagonga ukuta.

«Hodi, Pontien! Usimwache mama aende. Naingia.»

«Rezo imerudi?»

«Haikuharibika. Minye ndiye nilikuwa nakudanganya.»

Akaivuta picha ya Olive, akaiachia dosyeni, ikatokea kwa Pontien. Upande wa pili kiti kikaanguka.

Louise aliingia mbio. Candide alisimama, tayari kwa kofi.

«Iko kwangu nyumbani. Ni muzima. Nilimuficha juu ya kumupenda. Unisamehe.»

Louise alimtazama, pumzi imemwishia. «Mu ile picha amesukwa vizuri. Nani alimusuka?»

«Ni minye.»

«Wiki tatu nilikuwa naona mu mawazo mutoto wangu analala inje, mu matope.» Louise alifuta macho kwa kiganja. «Hasira nitakuwa nayo, yaya, dada yangu. Nitakuwa nayo kesho. Leo unipeleke.»

Wakatoka. Candide, akilia waziwazi, alitangulia, kwa sababu njia ya nyumbani kwake ni yeye aliyeijua.