Tulivyoipaka Rangi Meli Mbovu

Sitaki kusikia mtu akisema wakubwa ndio waliotunyima meli. Tulijinyima wenyewe, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Katika ofisi yetu Kisumu, kazi yangu ilikuwa kupanga: chombo gani kimechoka, kipi kinunuliwe, pesa ziombwe wapi. Kikosi chetu cha uokoaji ziwani kilikuwa na meli moja ya aina ile inayopanda hadi mchangani, inashusha mlango wake wa mbele na lori linatoka bila gati. Mafuriko yakija, hiyo ndiyo iliyowafikia watu. Ilikuwa imenizidi umri, na mimi si msichana. Minyororo ya mlango ilikuwa imeliwa na kutu. Kila mwaka niliomba meli mpya, na kila mwaka nikaambiwa baadaye.

Halafu tukapata habari kwamba kamati ya kugawa pesa inatoka Nairobi kuja kuiona kwa macho. Yawa! Nilicheza pale pale ofisini.

Nahodha wetu, mzee wa Usenge aliyeniita nyathina, mwanangu, alisema wageni hawawezi kukuta uchafu. Kwetu mgeni akija ukuta husiribwa upya, hata kama ndani mnalala njaa. Basi tukaisiriba meli. Wiki nzima tulikwangua kutu na kupaka rangi ya kijivu, hadi kwenye minyororo. Mimi mwenyewe nilishika brashi! Hakuna aliyesema, jameni, tunaficha kidonda ambacho daktari anakuja kukitazama.

Kamati ikafika, ikazunguka, ikala samaki wetu wa ngege na ugali mpaka ikalegeza mikanda. Mkubwa wao akapigapiga ubavu wa meli.

"Hongereni, mnaitunza. Hii bado ngangari kabisa."

Nahodha akatabasamu. Nami nikatabasamu, mjinga mimi. Nilitaka kutaja minyororo, lakini kuwalilia wageni shida wakiwa mezani ni aibu, nikanyamaza. Pesa zikapelekwa kwingine.

Mvua zilizofuata ziwa lilifurika, meli ikaenda kutoa watu. Mlango ukiwa nusu ya kushuka, mnyororo ulikatika na mlango ukaanguka. Nahodha alikuwa ametangulia majini, chini yake, kuwasogeza watu nyuma. Watu walipona wote. Yeye hakupona.

Meli ikafungwa. Siku mbili kabla ya mazishi, bosi wangu aliniita akaniambia mwaka huu hakuna meli, mwakani hakuna, na nisiandike tena. Nilitoka pale nikiwa sina hata hasira.

Mazishini mjane wake alinishika mikono yote miwili. Hakuwa akilia.

"Hiyo meli mpya mzee alisema unatutafutia, itakuja lini? Binti yangu amemaliza kusomea injini. Babake alimwahidi atafanya kazi humo."

"Itakuja, mama," nilisema. "Karibuni tu. Jina la binti nitaliandika la kwanza."

Alinishukuru. Mimi, alinishukuru! Kisha akageuka kumwita binti aje anisalimie.