Mdomo wa Kamera Kwenye Harusi ya Lupiro

Hudi ni ile kofia ya plastiki nyeusi inayovalishwa mbele ya lenzi ili jua lisiingie kwa pembeni. Bila hiyo, picha ya jioni hapa bondeni kwetu, majaruba ya mpunga yamejaa maji na maji yanakurudishia mwanga usoni, hutoka imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini mimi napiga picha za harusi na kipaimara hapa Ifakara, na wateja wangu wana mawazo yao. Kwao hudi ndiyo mdomo wa kamera, na kamera yenye mdomo mfupi bado haijakua.

Siku ya harusi ya kule Lupiro nilitoka nyumbani asubuhi kwa bodaboda, begi nimelipakata. Begi lenyewe ni dogo. Mtu hugeuza hudi, akaifunga kinyumenyume juu ya lenzi, ikasafiri hivyo bila kuchukua nafasi. Siku hiyo nilikuwa nimeongeza flashi na betri za akiba, na hata kinyumenyume haikuingia, basi nikaifunga kwa kamba kwenye mkanda wa begi, ikawa inaning'inia nje. Tukavuka daraja, tukaingia barabara ya vumbi. Dereva alikwepa mashimo machache, mengine akayaingia kama ana ugomvi nayo. Nilipoteremka uani kwa kina bibi harusi, kamba ilikuwepo. Hudi haikuwepo.

Aliyenikodi alikuwa shangazi wa bibi harusi. Yeye ndiye aliyemlea binti, na harusi ile aliiendesha kama anavyoendesha shamba lake la mpunga, kwa sauti na kwa kidole. Ni mama mnene, mcheshi, na akicheka lazima ashike kitu asije akaanguka. Nilimpa shikamoo, akaiitikia huku anaiangalia kamera. Akaizunguka. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye kona ya nyumba, akanionyesha turubaini kwa kidole.

Chini ya turubai alikaa mpiga picha wa upande wa bwana harusi, kijana wa miwani nyeusi. Kamera yake ilikuwa na hudi pana kama bakuli la mchuzi, na alikuwa ameiacha imegeuzwa nyuma, kama vijana wanavyogeuza kofia.

Nilimweleza shangazi kwamba ikiwa imegeuzwa vile haizuii chochote, ni pambo tu.

"Mwanangu," akasema, "sijakuuliza kama inafanya kazi. Nimekuuliza ya kwetu iko wapi."

Hakuwa ameniuliza hilo, lakini nililijibu. Nikamwonyesha kamba.

Watu wa familia zile mbili walikuwa watani wa tangu zamani, na tangu posa walikuwa wanashindana kwa kila kitu, kuanzia ukubwa wa sufuria hadi urefu wa sala. Shangazi hakuwa tayari kushindwa kwa plastiki. Aliingia chumbani, akatoka na kopo jeusi la mafuta ya nywele, lile kubwa la familia. Mafuta yaliyobaki akayahamishia kwenye kikombe. Akapasha kisu kwenye jiko la mkaa, mbele ya wapishi wa pilau, akakata kitako cha kopo kwa mkato mmoja ulionyooka kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nikaliosha kwa sabuni ya unga, nikalichomeka mbele ya lenzi na kulibana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Lilikaa vizuri mno. Lilikuwa refu kama mkono wa mtoto, linang'aa, na lilinuka nazi.

Niseme ukweli, nilipojitazama kwenye kioo cha dirisha nilijipenda.

Tukatoka kwenda kanisani. Watu walinipisha njia. Kijana wa miwani alilitazama lile kopo, akanitazama mimi, akalitazama tena, na nadhani alielewa, maana alikohoa na kugeukia ukutani. Lakini upande wake hawakuelewa. Kabla ibada haijaisha, mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshahama benchi mara kadhaa ili akae mahali kopo linapoelekea.

Mjomba huyo alikuwa ndiye msemaji wa upande wao. Mrefu, mkavu, amevaa suti mpya rangi ya maziwa, na ameshika fimbo ambayo miguu yake haikuihitaji. Tulipotoka nje alimfuata shangazi, akamuuliza ile mashine imetoka wapi. Shangazi akamjibu bila kupepesa kwamba imetoka mbali, na ikifunguliwa yote inaona mpaka milima ya Mahenge. Mjomba akanigeukia mimi kuhakikisha.

"Inategemea na hali ya hewa, mjomba," nikasema.

Basi akaridhika. Tangu hapo hakutaka tena kupigwa na kamera ya upande wake. Kila nikigeuka, suti ya maziwa iko mbele yangu. Nilimpiga akila, nikampiga akimnyooshea mtu fimbo, nikampiga amekaa peke yake anafikiri. Nyuki mmoja aliyevutwa na harufu ya nazi naye hakuniacha, hivyo kuna wakati sisi watatu tulizunguka ua mzima pamoja.

Jioni ikafika zamu ya picha ya ukoo, ndiyo picha shangazi aliyoitaka kuliko zote. Familia zote mbili zilipangwa mbele ya nyumba, wazee vitini, watoto chini, wengine wamesimama safu kwa safu hadi kwenye uzio. Mjomba alikataa kiti. Alisema akikaa suti haitaonekana yote, akaenda kusimama mwisho kabisa wa safu, kando, ambako hakuna mtu wa kumziba. Mimi na kijana wa miwani tulisimama bega kwa bega. Jua lilikuwa linashuka upande ule ule wa mjomba. Nikamnong'oneza mwenzangu ageuze hudi yake iangalie mbele, la sivyo jua litamwingilia. Akaniambia kwa upole kwamba mtu mwenye kopo asimfundishe kazi. Nikaona ana haki.

Watu walikuwa wengi, hawakuenea. Nikavuta lenzi hadi mwisho wa upana wake. Niliona kama kivuli kwenye pembe, nikadhani ni kope zangu, au nyuki. Nikapiga.

Kesho yake, nyumbani Ifakara, nilizifungua picha kwenye kompyuta. Za kanisani zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Nikaifungua ya ukoo. Lenzi ikiwa imefunguka upana wote ilikuwa imelipiga picha kopo lenyewe, na pembe zote nne zilikuwa nyeusi tititi, kana kwamba nimewatazama wale watu kupitia bomba. Maharusi safi, wazee safi, watoto safi. Mjomba kule mwisho wa safu hakuwa na kichwa, wala hakuwa na miguu. Kilichobaki kwake ni tumbo, vifungo vya suti na ule mkono ulioshika fimbo.

Nilimpigia simu kijana wa miwani na kumwomba ya kwake. Akanitumia bila maelezo. Jua lilikuwa limeingia kwenye lenzi kama mgeni aliyealikwa. Upande wote wa mjomba ulikuwa weupe, na suti ya rangi ya maziwa ilikuwa imeyeyuka humo humo. Alionekana kama mvuke wenye tai.

Nikapanda bodaboda kurudi Lupiro, na safari hii sikuwa na hamu ya kutazama mandhari. Nilijua shangazi ana haki ya kunifukuza. Niliziweka picha zote mbili mezani kwake, yangu na ya kijana, nikaeleza mambo ya upana wa lenzi na urefu wa kopo. Hakunisikiliza. Alikuwa anatafuta uso wa mjomba kwa kidole, akafika kwenye tumbo, kidole kikasimama. Akachukua ya pili, akatafuta tena, akakuta mvuke. Akashika meza. Alicheka mpaka jirani akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

Alipopata pumzi alinikataza nisiirekebishe yangu. Akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, palepale wageni wanapokabili wakikaa. Mjomba alipokuja kuwasalimu wakwe na kuulizia yeye yuko wapi kwenye picha, shangazi alimwambia mashine ile ni ya gharama, mtu mrefu haimmalizi kwa picha moja. Baada ya hapo mjomba alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa lakini mwenye adabu. Alitaka picha nyingine, peke yake, ya mwili mzima.

Nikamkuta shambani kwake Katindiuka, amevaa koti la suti ile ile juu na viatu vya mpira chini, mpunga unampita magoti. Nilikuwa na hudi mpya, ya kawaida, saizi yake kabisa. Aliiangalia kwa mashaka.

"Hii ndogo itanitosha?"

Nikamwambia itamtosha kuliko ile. Nikamgeuza jua limpate ubavuni, nikaichomeka hudi vizuri, nikapiga. Yalikuwa mapigo machache tu. Picha ilitoka safi, koti ni koti na mpunga ni mpunga, na uso wake una ukali fulani mzuri ambao kwenye harusi sikuuona kwa sababu ya kumkimbia. Ameichapisha kubwa, iko ukutani kwake ukiingia tu.

Nasikia shangazi kila akienda huko husimama kwanza mbele ya ile picha, akakunja magoti kwa heshima zote na kuiamkia shikamoo, kisha ndipo anamgeukia mwenyewe aliyekaa kwenye kiti na kumuuliza habari za tumbo.