Shangazi Kengele na Wachangiaji wa Urais

Shangazi yangu hakuzaliwa akiitwa Kengele. Jina alipewa na wateja wake wa sare za shule, kwa sababu akicheka ndani ya duka lake la ushonaji, muuza viatu wa ng'ambo ya barabara naye hujikuta anatabasamu, hata hajui kilichosemwa. Siku za kazi alishinda na futi shingoni na pini mdomoni. Jumamosi alisherehesha harusi. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alikaa kwenye mitambo ya sauti, na mimi niliendesha gari la vyombo.

Baba ana kigugumizi tangu utotoni. Shangazi alitania kila mtu, kuanzia bwana harusi hadi askari wa getini, lakini kigugumizi cha mdogo wake hakukigusa, na aliyekigusa alikiona cha moto.

Mwaka wa uchaguzi wa rais, meneja wa kampeni wa chama cha Mwiko aliingia dukani na viatu vinavyong'aa.

"Dada, tunaandaa chakula cha mchana cha kuchangia kampeni ya Mheshimiwa. Matajiri wote watakuwepo. Tunataka wacheke, maana mtu akicheka mfuko unalegea."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," shangazi alimjibu. "Ila vichekesho napika mwenyewe."

"Hamna shida kabisa, dada."

Shida ilikuja siku yenyewe. Tulikuwa nyuma ya pazia la ukumbi wa hoteli, baba akijaribu spika, meneja alipomwekea shangazi karatasi mkononi. Ilikuwa na vichekesho juu ya mgombea wa chama cha Ndoo, ambaye nchi nzima ilijua kwamba ana kigugumizi. Shangazi alisoma mstari wa kwanza, akaikunja, akamrudishia.

"Hiki sisemi."

"Mama, ndicho tulichokulipia."

"Basi hela yako utarudishiwa. Lakini watu wameshakaa, na mimi siachi ukumbi umenuna."

Kabla meneja hajaikunjua ile karatasi, shangazi alikuwa ameshapanda jukwaani.

Alianza polepole. Aliwasifu wageni kwa suti zao, akasema yeye kama fundi amezipima kwa macho na kuna vifungo viwili vitatu vinavyoomba msaada. Ukumbi ukacheka. Kisha akamgeukia muuza saruji mkubwa, aliyekaa meza ya mbele na Mheshimiwa. Mjini kote aliitwa Bwana Saruji.

"Mimi ni mtu wa harusi," shangazi alisema. "Kwenye harusi ukichangia unapewa kadi na sahani. Sasa wenzangu nielimisheni, kwenye urais ukichangia unapewa nini? Barabara?"

Wahudumu waliosimama na trei ukutani ndio walioanza kucheka. Mmoja ilibidi aweke trei chini. Mheshimiwa mwenyewe akakohoa, kisha akashindwa kujizuia. Bwana Saruji hakucheka.

"Na nimeshaona mtu anachangia upande wa bwana harusi, halafu anachangia na upande wa bibi harusi. Nikadhani ni mtu wa upendo mwingi. Kumbe ndiye mwenye ukumbi! Hawa wakioana, yeye anakula. Wakigombana, anakula."

Meneja alikuja mbio hadi kwenye mitambo, jasho likimtoka. "Zima kipaza sauti! Zima sasa hivi!"

Baba alimtazama. Mtu mkimya yule, ambaye hata dukani hunyoosha kidole badala ya kutaja anachotaka, akasimama. "Zi-zi-zima mwenyewe," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi meza za nyuma.

Meneja akang'oa waya. Shangazi akakiangalia kipaza sauti kilichokufa, akakiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto, akaendelea kwa koo lake tu. Hakuna aliyekosa neno. Sijawahi kujivunia ukoo wetu kama mchana ule, nikiwa nimesimama na nyaya begani.

Tulitolewa kwa mlango wa jikoni. Wapishi walitupigia makofi.

Haikupita wiki, watu wa chama cha Ndoo wakapiga simu. Walikuwa wamesikia alivyowakalia kooni wapinzani wao, wakamtaka kwenye chakula chao. Baba hakutaka twende. Shangazi akasema, "Nikikataa, watasema nimewekwa mfukoni na wale."

Tukaenda. Shangazi akapanda jukwaani, akawatazama waliokuja. Meza ya mbele, ndani ya shati jipya la rangi za Ndoo, alikuwa amekaa Bwana Saruji.

Shangazi alicheka hadi akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema, "Shikamoo tena, mwenye ukumbi! Juzi si tulikuwa wote kwa Mwiko?"

Wenye simu walikuwa wanarekodi. Kufikia jioni maneno yale yalikuwa yamefika kila kona, na yule aliyekuwa hajui kampeni zinalipwa na nani akaanza kuuliza. Mtangazaji mmoja wa redio aliwaita wagombea wote wawili, akawauliza bila kuzunguka: mwenye ukumbi wako ni nani? Wa Mwiko alisema hilo ni suala la chama. Wa Ndoo akataja waliomchangia mmoja mmoja, Bwana Saruji akiwemo, kwa kigugumizi chake, bila haraka. Baba alisikiliza ameegemea gari letu, na jina la mwisho lilipotoka akapiga bodi kwa kiganja, kwa furaha.

Sitasema shangazi hakuumia. Hoteli kubwa zilimfungia milango, na shule moja ilihamishia sare zake kwa fundi mwingine bila maelezo. Alikasirika siku chache, akamtukana mkuu wa shule kimoyomoyo, kisha kwa sauti, halafu akarudi kwenye cherehani. Harusi za watu wa kawaida ziliongezeka mpaka tukawa tunazikataa.

Mgombea wa Ndoo hakushinda. Ila siku ya kupiga kura, nilipompeleka shangazi kituoni, foleni nzima ilimgeukia. Kijana mmoja akampazia sauti, "Kengele, tupe kimoja tucheke, jua kali!"

"Leo sichekeshi, mwanangu," alisema, akinyoosha gauni lake bora, alilojishonea mwenyewe. "Leo nimekuja kuajiri mtu."

Akaingia ndani, kichwa juu.