Gari Lililolia kwa Wanafunzi Tu

Dada yangu mkubwa anafundisha udereva, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Klachi, kwa sababu hilo ndilo neno analolitaja kuliko mengine yote, na hulitaja kwa sauti inayovuka ukuta. Mumewe ni fundi cherehani. Hata yeye akishona kwa pupa huambiwa, "Taratibu na klachi, baba!"

Zamani dada alikuwa karani wa shule. Alipopunguzwa kazini hakukaa kujililia. Alisomea ualimu wa udereva, kisha akanunua gari dogo jeupe, jipya, likiwa na breki ya pili mbele ya kiti cha mwalimu. Breki hiyo ilifungwa na walewale waliomuuzia gari. Kila jioni analiosha na kulifuta mpaka majirani humuuliza linaposwa lini.

Gari lilikuja na waranti. Kifaa kikichakaa kabla ya wakati wake, wauzaji wanakibadilisha bure. Lakini kikiharibika kwa matumizi mabaya, mzigo ni wa mwenye gari. Waranti hiyo ilikuwa inaisha siku ya Ijumaa, na wiki hiyohiyo ndipo gari lilipochagua kulia.

Ta-ta-ta-ta. Mlio ulitoka mbele, gurudumu la kulia, kila mwanafunzi alipokata kona kali ya kushoto. Na wanafunzi wanauzunguka uwanja wa mazoezi kwa kushoto kutwa nzima. Dada alijua ni nini: jointi iliyo mwisho wa shafti, ile inayoliwezesha gurudumu kupokea nguvu ya giaboksi huku limepinda. Ikikatika, injini itanguruma na gari halitasogea. Na gari likilala, dada naye hana kazi.

Jumatatu akalipeleka gereji ya wauzaji. Msimamizi wa pale, mwanamume mtaratibu mwenye kola iliyonyooka, aliingia mwenyewe akalizungusha mtaani. Gari likanyamaza kama limefundwa adabu.

"Mama, hili gari lina afya kunishinda mimi."

"Kata usukani mpaka mwisho, halafu ukanyage mafuta humohumo kwenye kona."

"Nani anaendesha hivyo?"

"Wanafunzi wangu wote."

Msimamizi akajaribu. Lakini mguu uliozoea ustaarabu ni vigumu kuufundisha fujo. Kila alipofika kwenye kona uliachia mafuta wenyewe. Kimya.

"Wewe hufai," dada akamwambia. "Unaendesha vizuri mno."

Nyumbani mumewe alimsikiliza huku pini ziko mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema, "Si umpeleke mwanafunzi aendeshe?"

"Na wakimwona anavyoendesha, watasema ndiye aliyeliharibu. Matumizi mabaya. Nitakuwa nimejipeleka mwenyewe."

"Na ukikaa kimya?"

"Ijumaa inapita, na jointi inabaki juu yangu."

"Basi kote ni shimo. Tumbukia lile lenye watu, angalau wakusikie ukipiga kelele."

Jumatano akamchukua mwanafunzi wake mbaya kuliko wote: mkunga mstaafu, mama mwenye miwani mizito, aliyeamua kujifunza gari baada ya kuzalisha nusu ya mtaa. Walipofika kwenye ua wa gereji, mkunga akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba utamtoroka. Msimamizi akakaa kiti cha nyuma. Fundi wa zamu, mtu mfupi mwenye ovaroli la bluu, akasimama mlangoni kuangalia sinema.

"Haya mama, kushoto," dada akasema. "Kata. Kata yote. Sasa kanyaga!"

"Nakanyaga, mwanangu! Miaka yote nawaambia wenzangu sukuma, leo zamu yangu imefika!"

Gari likaruka, likapinda, na mlio ukatoka wazi: ta-ta-ta-ta. Wakazunguka tena, ukatoka tena. Kisha injini ikazimika, msimamizi akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

Alishuka akinyoosha kola. "Nimesikia, mama. Siwezi kukataa. Lakini na uendeshaji wenyewe nimeuona. Wakubwa wangu wakiniuliza, nitasema nini? Hayo si matumizi mabaya?"

Dada akamkazia macho. "Breki ya mwalimu mlinifungia nyinyi. Mlidhani nitamfundisha nani, dereva?"

Fundi akacheka mpaka akashika mlango. Mkunga naye akatoa kichwa dirishani. "Kijana, mgonjwa hahukumiwi kabla hajapimwa. Mlaze kitandani kwanza."

"Huyu tunampandisha juu, bibi," fundi akasema.

Gari likapandishwa. Fundi akaingia chini na tochi, akapapasa nyuma ya gurudumu la kulia, akatoa vidole vyeusi kwa grisi. Ndani ya rimu kote kulikuwa kumerushiwa grisi. Kifuniko cha mpira kinachoihifadhi jointi hakikuwa na tundu wala ufa. Ila mkanda wa chuma unaokibana ulikuwa unazunguka kwenye kidole chake kama bangili ya kuazima. Akaenda upande wa kushoto. Ule ulikuwa umekaza, hautikisiki.

"Bosi, njoo uone. Huu wa kulia haukulegea njiani. Haukubanwa tangu gari linaundwa. Grisi imetoka, mchanga umeingia, jointi imejitafuna."

Msimamizi hakumwamini mtu. Alikunja mikono ya shati lake jeupe, akaingia chini mwenyewe, akakaa huko kwa muda. Dada alikuwa anaangalia viatu vya msimamizi tu, akijaribu kusoma kitu kwenye visigino.

Alipotoka, kola ilikuwa na doa la grisi. "Hili ni letu," akasema. "Jointi itabadilishwa, na mpira wake, na mkanda. Na kwa kuwa liko juu, kagueni giaboksi na shafti zote mbili kabla Ijumaa haijafika."

Dada alitaka kushukuru kwa heshima, lakini kilichotoka ni kigelegele. Mkunga akakidakia.

Alhamisi mchana kazi ilikwisha. Msimamizi akasema jaribio lazima lifanywe na dereva yuleyule, la sivyo halina maana. Safari hii alikaa kiti cha mwalimu, mkanda wa kiti umefungwa, mguu juu ya ile breki ya pili. Dada alibaki nje, kando ya fundi, mikono haijui pa kwenda. Mkunga akakata kushoto mpaka usukani ukagoma, akakanyaga.

Hakuna kilichosikika ila injini, na sauti ya msimamizi.

"Inatosha, bibi! Inatosha!"

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia chochote!"

"Basi huenda husikilizi vizuri," mkunga akasema, akaliingiza tena kwenye kona.